Nyumba ya Kitengela nayo inahesabiwa

Tangu FAFSA, fomu ya kuombea msaada wa serikali ya Marekani wa kulipia chuo, ya mwaka wa masomo 2026–27 ifunguliwe, ofisi za misaada ya masomo kama yetu hapa Marekani hazikosi mzazi Mswahili anayelalamika: yeye na mwenzake wana kazi nzuri, lakini mkopo wa nyumba unawabana na ndugu nyumbani wanawategemea, sasa chuo kinasemaje wana uwezo?

Uhitaji ni gharama ya chuo kwa mwaka ukitoa SAI, namba inayotokana na fomu kupima uwezo wa familia kuchangia. SAI si ankara. Familia yenye SAI ya dola 45,000 haina uhitaji kwenye chuo cha dola 28,000, ila ina uhitaji wa dola 40,000 kwenye chuo cha dola 85,000. Kwa hiyo tuache kuambiana kanisani kwamba wenye kipato wasijisumbue kujaza. Fomu haina ukomo wa kipato, na mkopo wa serikali wa dola 5,500 wa mwaka wa kwanza, ule usio na ruzuku ya riba, hauangalii uhitaji kabisa.

Katika SAI, akiba ya mzazi huhesabiwa hadi asilimia 5.64 ya thamani yake, ya mtoto, asilimia 20. Nyumba unayoishi na akiba ya kustaafu hazimo katika hesabu ya serikali. Kuanzia 2026–27 biashara ndogo ya familia nayo imeondolewa, hivyo mwenye malori matatu apumue. Lakini vyuo vingi binafsi hudai pia CSS Profile, fomu nyingine ya kuombea msaada wa chuo chenyewe, na huko nyumba na malori vyaweza kurudi mezani, kila chuo na kanuni yake.

Nyumba uliyopangisha Kitengela au kiwanja cha Kigamboni ni mali yako, na FAFSA inaitaka: bei ya soko siku unayosaini, ukitoa deni lililo juu yake. Kusema "Wamarekani hawaioni" si hoja. Shamba la ukoo ambalo hati yake ina jina la babu si lako, usiliandike.

Saini yako ni tamko kisheria. Ukichaguliwa kuhakikiwa, tutadai nyaraka za kodi na W-2 (taarifa ya mwajiri ya mshahara na kodi), na msaada hautoki mpaka zilingane na fomu. Kudanganya kwa makusudi kunaweza kuleta faini ya hadi dola 20,000, kifungo, au vyote viwili. Tukishuku udanganyifu, tunalazimika kuripoti, hatuna hiari.

Pesa unazomtumia mama Bukoba hazipunguzi SAI. Najua inauma. CSS Profile ina sehemu ya maelezo. Yaandike humo na utunze risiti.

Kipato kinachotazamwa katika fomu ya 2026–27 ni cha 2024. Kama tangu hapo umepoteza kazi au umelipa hospitali pesa nyingi, sheria inaturuhusu kurekebisha hesabu, kesi kwa kesi. Andika barua, ambatisha barua ya kuachishwa kazi, hati za mshahara za karibuni na bili zilizolipwa. Uamuzi wa chuo ni wa mwisho. Wizara ya Elimu haipokei rufaa. Usingoje tarehe 1 Mei, ambayo vyuo vingi huifanya mwisho wa kulipia nafasi. Barua ya wiki hiyo tutaisoma, ila sehemu kubwa ya fungu letu itakuwa imeshagawiwa.