Finland kwa macho ya mgeni: yanayosemwa na yaliyopo

Dhana: Majira ya baridi ni giza usiku na mchana.

Ukweli: Utsjoki, kaskazini kabisa, jua halichomozi kwa takriban wiki saba kuanzia mwishoni mwa Novemba. Hata huko, adhuhuri huwa na mwanga wa buluu kama wa alfajiri, na theluji huuongeza. Helsinki, siku fupi kuliko zote hupata karibu saa sita za jua. Mwezi mgumu ni Novemba: theluji haijatulia na lami iliyolowa humeza mwanga wote. Hapo usitoke bila rifleta, kipande kinachorudisha mwanga wa taa za gari, iliyoning'inia usawa wa goti, dereva akuone mapema.

Dhana: Koti zito linatosha.

Ukweli: Kinachokutesa ni jasho. Fulana ya pamba hulinyonya na kubaki imelowa. Ukisimama kituoni dakika kumi tu kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, mgongo unakuwa wa baridi kama umemwagiwa maji. Anza na nguo ya ndani ya sufu, juu yake sweta, kisha koti lisilopitisha upepo. Viatu viache nafasi ya vidole kucheza ndani ya soksi nene, maana kiatu kinachobana hupunguza damu miguuni.

Dhana: Ziwa jeupe limeganda, pita tu.

Ukweli: Hili huua. Theluji ni blanketi: huzuia baridi isifike chini, na barafu hubaki nyembamba. Barafu ngumu ya sentimita 5 hubeba mtu mmoja kwa miguu, lakini penye matete, chini ya madaraja na mto unapoingia ziwani usiamini kipimo hicho. Wavuvi huvaa shingoni naskali, vishikio viwili vyenye ncha za chuma. Ukitumbukia, geukia ulikotoka, choma ncha kwenye barafu, piga miguu kama unaogelea, jivute kwa tumbo. Usisimame upesi, tambaa kwanza.

Dhana: Nchi imejaa milima.

Ukweli: Sehemu kubwa ni tambarare, misitu na maziwa. Halti, mahali pa juu kabisa, ni mita 1,324.

Dhana: Wafini wana kiburi.

Ukweli: Kwetu salamu huanza na habari za nyumbani, jirani Mfini atakujibu "moi" (hujambo) na kupita. Hajakudharau. Kwao kutomsumbua mtu ni adabu, na kimya hakihitaji kujazwa. Akikualika sauna, chumba chao cha kuogea kwa joto na mvuke, amekukaribisha kwa moyo wote. Fika saa ile ile mliyopatana, na viatu uvue mlangoni.