Mifupa ya Chini ya Ngazi: Watoto wa Mfalme Waliopotelea Mnara wa London

Watu wakijua kazi yangu ni kuchunguza mifupa ya kale, swali la kwanza huwa mizimu ya Mnara wa London. Mizimu siiwezi. Kunguru nao niwaache: hadithi kwamba wakihama ngome ufalme utaanguka hunasibishwa na Mfalme Charles II wa karne ya 17, lakini ushahidi wa maandishi kuhusu kunguru hao haurudi nyuma zaidi ya karne ya 19. Fumbo lenye nyama ni la watoto wawili.

Aprili 1483, Mfalme Edward IV wa Uingereza alifariki. Mrithi wake, Edward V, alikuwa na miaka 12. Akapelekwa Mnarani kusubiri kutawazwa, na hapo hapakuwa na ajabu, kwa sababu ngome hiyo wakati huo ilikuwa pia makazi ya wafalme. Mdogo wake Richard, miaka 9, akamfuata Juni. Kisha wakatangazwa kuwa wana wa nje ya ndoa, na Julai baba yao mdogo akavaa taji mwenyewe, akaitwa Richard III. Dominic Mancini, Mwitalia aliyekuwa London miezi hiyo, aliandika kwamba watoto walizidi kuadimika madirishani, mwisho wasionekane kabisa. Walikufaje? Alikiri hajui. Ndiyo maana namwamini kuliko wengi waliomfuata.

Aliyetupa hadithi kamili ni Thomas More, mwandishi na mwanasiasa wa Kiingereza, ambaye mwaka ule wa 1483 alikuwa mtoto mdogo. Miongo mitatu hivi baadaye aliandika kuwa walizibwa pumzi kwa matandiko usiku, wakazikwa chini ya ngazi. Basi mwaka 1674, mafundi waliokuwa wakibomoa ngazi kando ya White Tower, jengo kuu la ngome hiyo, wakakuta sanduku la mbao lenye mifupa ya watoto, futi 10 hivi chini ya ardhi. Kwa wengi kesi ikaishia hapo. Charles II akaamuru mifupa iwekwe ndani ya chombo katika kanisa la Westminster Abbey.

Ila wanaomnukuu More huishia nusu ya habari. More huyo huyo anaendelea kusema kwamba kasisi mmoja aliifukua miili na kuihamishia mahali pasipojulikana. Ukimwamini More, basi chini ya ngazi palitakiwa pawe patupu!

Chombo hicho kilifunguliwa mwaka 1933. Wachunguzi, Lawrence Tanner na William Wright, waliangalia meno na ukuaji wa mifupa, wakakadiria umri unaokaribiana na wa wanamfalme. Makadirio ya umri siyapingi sana. Tatizo ni kwamba walianza kazi wakiwa wameshaamini ni wavulana wale. Umbo la mifupa ya mtoto ambaye hajabalehe halikuambii kwa uhakika kama ni wa kike au wa kiume, hata leo, sembuse wakati ule. Na ndani ya chombo mlikuwa na mifupa ya wanyama pia, kuku na samaki wakiwemo, dalili kwamba mabaki yalizolewa ovyo ovyo kutoka kwenye kifusi.

Mwaka 2012 mifupa ya Richard III ilipatikana Leicester chini ya maegesho ya magari, na vinasaba vyake vikasomwa. Kwa kuwa watoto ni wana wa kaka yake, kromosomu Y yao inapaswa kufanana na yake, mradi tu Richard III na Edward IV walikuwa wa baba mmoja kweli. Lakini mimi nisingeanzia huko. Ningepima kwanza umri wa mifupa kwa kaboni. Ngome ile imejengwa juu ya mji wa Warumi, na watu walizikana eneo hilo karne nyingi kabla ya William Mshindi, mfalme aliyeanzisha ngome hiyo, kufika. Kipande kidogo tu cha mfupa kinatosha, na majibu yakisema ni enzi ya Warumi, hakuna haja ya kuhangaika na kromosomu.