Kwa nini mmoja apewe miaka 2 na mwenzake 6

Katika mikutano yetu ya elimu ya uraia, mtu akisikia kwamba mjumbe wa Baraza la Wawakilishi la Marekani huchaguliwa kwa miaka 2 na seneta kwa miaka 6, huuliza papo hapo: mbona wote wametumwa na wananchi? Wengi hudhani ni suala la ukubwa wa cheo. Sivyo. Urefu wa muhula unapima ni muda gani hasira ya wapiga kura, au matumaini yao, yatangoja kabla ya kuingia bungeni.

Katiba ya Marekani iliandikwa na wajumbe wa majimbo waliokutana Philadelphia mwaka 1787. Majimbo mengi siku hizo yalichagua mabunge yao kila mwaka, na watu waliiona desturi hiyo kuwa kinga dhidi ya udhalimu. Mmoja wa wajumbe hao, Elbridge Gerry wa Massachusetts, akashikilia mwaka mmoja kwa Baraza la Wawakilishi. Mwenzake James Madison akataka mitatu: nchi ni pana, safari ni ndefu, na mjumbe anahitaji muda wa kuyajua mambo ya majimbo yasiyo yake. Wakakubaliana miwili. Siku hizo baraza hilo peke yake ndilo lililochaguliwa na wananchi moja kwa moja, na ndiko miswada ya kodi inakoanzia. Anayetia mkono mfukoni mwako inafaa arudi kwako mapema kujieleza.

Kwa Seneti hofu ilikuwa nyingine. Seneta huthibitisha majaji na huidhinisha mikataba na nchi za nje, mambo ambayo matokeo yake huonekana baada ya miaka mingi. Madison alikuwa tayari hata kwa miaka 9, wakaafikiana 6. Sisi tuna methali mbili zinazovutana, haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Watu wa Philadelphia waliitia kila moja katika baraza lake, kisha wakaweka sharti kwamba mswada usiwe sheria mpaka upite kote kuwili.

Tena maseneta hawaondoki wote kwa pamoja. Tarehe 15 Mei 1789 maseneta wa kwanza, wakiwa wamegawanywa makundi matatu, walipiga kura ya bahati: vikaratasi vitatu vyenye namba 1, 2 na 3 vilikunjwa vikatiwa kisandukuni. Kundi la kwanza likapata miaka 2 tu, la pili 4, la tatu 6. Tangu hapo kila baada ya miaka 2 viti vyote vya Wawakilishi, ambavyo leo ni 435, huenda kwa wapiga kura, ila vya Seneti, ambavyo leo ni 100, ni karibu theluthi moja tu. Wimbi la mwaka mmoja linaweza kuligeuza baraza la kwanza lote. La pili haliwezi kulimaliza mara moja.

Urefu huo ungekuwa kazi bure kama mtu angeweza kuusogeza. Bunge la Uingereza lililochaguliwa mwaka 1935 lilijiongezea muda mwaka baada ya mwaka kwa sababu ya vita, uchaguzi ukaja 1945. Marekani ilipiga kura mwaka 1944 ikiwa katika vita hivyo hivyo, na mwaka 1864 ilipiga kura huku yenyewe kwa yenyewe ikipigana. Rais wake hana mamlaka ya kulivunja Bunge, wala Bunge haliwezi kujiongezea siku kwa sheria ya kawaida.

Kenya iliwahi kuujaribu mpango huu. Katiba ya uhuru ya 1963 ilikuwa na maseneta 41, mmoja kwa kila wilaya pamoja na wa Nairobi, wa miaka 6, theluthi yao ikitoka kila baada ya miaka 2. Haukupewa muda wa kukomaa: mwaka 1966 sheria iliiunganisha Seneti na Baraza la Wawakilishi. Baadaye Bunge likawa na miaka 5 kwa maandishi, lakini Rais aliweza kulivunja wakati wowote kabla ya hapo. Upinzani ulijiandaa gizani. Tarehe aliijua yeye.

Katiba ya 2010 iliiondoa siri hiyo. Uchaguzi ni Jumanne ya pili ya Agosti, kila mwaka wa tano, na mtu yeyote mwenye kalenda anaweza kuona kwamba unaofuata ni tarehe 10 Agosti 2027. Huo ni ushindi mkubwa, na nausema kwa moyo wote. Hata hivyo Seneti iliyorudi, ya kaunti 47, huchaguliwa siku moja na Bunge la Taifa, kwa muhula ule ule wa miaka 5. Inatofautiana nalo kwa eneo, si kwa wakati, na kwa maoni yangu hapo tulipoteza kitu ambacho waandishi wa 1963 walikuwa nacho mkononi: baraza ambalo upepo wa Agosti moja hauwezi kulijaza lote.