Fomu ya mwenendo wako na watu: maswali ninayoulizwa kila mara

Fomu hii inapima nini?
Unavyoishi na watu siku hadi siku. Uliamrisha au ulinyamaza? Ulimchangamkia mwenzako au ulimkejeli? Wanasaikolojia hupima mambo mawili makubwa: kutawala au kunyenyekea, na upole au ugomvi. Haipimi akili, wala si mtihani wa kufaulu.

Niijaze lini?
Mara tu mnapoachana na mtu. Kwa kawaida tunahesabu mazungumzo yaliyofika dakika 5, na zoezi linaweza kuchukua siku 20. Unaweka vema kwenye ulichofanya: nilitoa maoni, nilimkatiza, nilikubali ili yaishe. Basi.

Nikizijaza fomu zote za siku 20 usiku wa kuamkia kliniki?
Hapana. Siku 20 kwa kalamu moja, mwandiko uleule, karatasi haijakunjika hata ncha! Mnadhani hatuoni? Aliyegombana na mkewe asubuhi hiyo ataukumbuka mwezi mzima kuwa wa ugomvi. Aliyeamka na furaha atasahau hata matusi aliyoyatoa juzi. Hapo nimepima hali yako ya usiku mmoja, si mwenendo wako.

Lakini mimi nina kumbukumbu nzuri.
Kila mtu huniambia hivyo. Mwaka 2002 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha utafiti wa wagonjwa wenye maumivu sugu waliopewa shajara za karatasi. Ndani ya jalada kulikuwa na kihisi cha mwanga kilichorekodi kila linapofunguliwa. Kwa tarehe na saa walizoandika wenyewe, walijaza kwa wakati kwa asilimia 90. Kihisi kilionyesha asilimia 11. Zipo siku shajara haikufunguliwa kabisa, na bado kurasa zake zilikuja zimejaa. Kwa hiyo hapana, usijaze kwa kumbukumbu.

Hasara iko wapi? Si karatasi tu?
Hasara ni ya kwako. Anayewaka akikosa usingizi na anayewaka mbele ya bosi wake tu hawasaidiwi kwa njia moja. Ukijaza zote kwa mkupuo, nyote wawili mnaonekana sawa. Nitakushauri nisichokijua, kisha baada ya miezi miwili utarudi kulalamika kwamba ushauri haufai.

Nikisahau?
Acha wazi. Palipo wazi nitakuuliza, ukibahatisha umenipoteza. Na nasema tena: usirudi nyuma kuziba mapengo.

Mwenzangu anaweza kunijazia?
Asiguse. Wapo wanaojaza fomu za wenza wao, halafu wanaketi pembeni ya mgonjwa wakitikisa kichwa kila ninapouliza swali. Kama unahofia itasomwa, usiandike majina, tumia herufi, na uniambie ni nani unayemwogopa.

Nikiandika humo kwamba nataka kufa, mtaona?
Siku ya miadi, yaani huenda tukachelewa. Hakuna anayeisoma fomu usiku ikiwa begini mwako. Ukifikiria kujiua, au ukipigwa nyumbani, usiandike ukasubiri tarehe: mwambie mtu unayemwamini akae nawe, na nendeni kituo cha afya kilicho karibu sasa hivi. Hata kama ni saa nane za usiku. Hata kama fomu imebaki nusu.