Saratani sugu bado inakula homoni

Jana nimeyasikia tena, kwenye dirisha langu la dawa hapa Lamu: "Mwanangu, saratani yangu ishakuwa sugu kwa homoni. Sindano ya homoni ya nini tena?" Ni mzee wa Matondoni, fundi wa mashua, mwenye saratani ya tezi dume, na kwa hoja hiyo alikuwa ameruka sindano yake. Kabla yake alikuja mwingine wa Shela na neno hilo hilo.

Neno "sugu" ndilo linalotupoteza. Mtu akisikia malaria sugu anaelewa kwamba dawa imeshindwa, ibadilishwe. Saratani ya tezi dume ni habari nyingine. Tunaiita sugu pale PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, inapopanda, au mifupa inapoonyesha madoa mapya, ilhali testosteroni, homoni ya kiume, imeshashuka chini ya nanogramu 50 kwa desilita. Homoni bado inaliwa. Ugonjwa umejifunza kushiba makombo.

Makombo yanatoka wapi? Sindano huzima homoni za korodani peke yake. Tezi zilizo juu ya figo huendelea kutoa malighafi ya homoni za kiume, na uvimbe wenyewe hujipikia. Njia hizo zote hupitia kimeng'enya (kiwezeshi cha kupika homoni) kimoja, CYP17A1, na abirateroni, dawa ya vidonge, hukifunga hicho. Katika jaribio lililofanya iidhinishwe Marekani mwaka 2011, kwa wanaume waliokwishapata kemotherapi, nusu ya walioimeza waliishi kupita miezi 14.8, kwa waliopewa prednisoni (steroidi) bila hiyo dawa ilikuwa miezi 10.9. Ingekuwa homoni hazina kazi tena, miezi hiyo ingetoka wapi? Na sindano haiachwi, kwa kuwa korodani zikiachiwa, ubongo huona testosteroni imepungua na kuzisukuma kwa nguvu mpaka kizuizi cha abirateroni kizidiwe.



Linaloniuma zaidi ni prednisoloni, ndugu wa prednisoni, inayomezwa pamoja na abirateroni. Yule mzee alikuwa ameitupa. Barazani waliambiana kwamba steroidi hunenepesha. Nikambonyeza kifundo cha mguu kwa kidole gumba, na shimo likabaki pale nilipokwisha kuinua mkono. Abirateroni ikifunga kimeng'enya, kotisoli, steroidi ya mwili wenyewe, nayo hushuka. Ubongo hudai zaidi, malighafi hurundikana nyuma ya mlango uliofungwa, kisha hugeuka homoni zinazoshikilia chumvi. Presha hupanda, miguu huvimba, potasiamu huanguka, na moyo hukosa mpigo wake. Miligramu 5 za prednisoloni asubuhi na 5 jioni huutuliza ubongo huo. Kwa hiyo kidonge kile kidogo ndicho kinachoifanya dawa kubwa imezeke kwa usalama. Na kukiacha ghafla ni hatari ya pili.

Kuhusu chakula: abirateroni ni vidonge vinne vya miligramu 250, mara moja kwa siku, tumbo likiwa tupu, masaa 2 tangu kula, na saa nzima kabla ya kula tena. Ukivimeza pamoja na mlo wenye mafuta mengi, dawa inayoingia damuni yaweza kufika mara 10. Mahamri na mbaazi za nazi zingoje.

Hapa ndipo moyo wangu hautulii. Mwaka 2018 zilichapishwa habari za wagonjwa 72: wengine walimeza kidonge kimoja na kifungua kinywa chenye mafuta kidogo, wengine vinne tumbo tupu, na PSA ilishuka kwa kiasi kinachokaribiana. Kidonge kimoja badala ya vinne! Kwa mtu aliyeuza ng'ombe kununua dawa ya mwezi mmoja, hilo si jambo dogo. Lakini walipima PSA. Hawakupima nani aliishi zaidi. Simwambii mtu ajipunguzie mwenyewe. Namwandikia daktari wake wa saratani, nauliza, na mara nyingine namwona naye anasita kama mimi.

Mzee alichomwa sindano yake jana hiyo hiyo, alasiri. Kipimo cha potasiamu kilirudi 2.9, chini mno, akalazwa. Mwanawe amevuka asubuhi kumletea nguo, na prednisoloni mpya nimempa mkononi, nikamwandikia saa za kumeza juu ya pakiti kwa kalamu nyekundu.