Je, wajua? Kwa nini mji wa Barawa, ndani ya Somalia, una Kiswahili chake?

Msafiri anayefuata pwani kutoka Mogadishu kuelekea kusini-magharibi hufika Barawa baada ya kilomita zipatazo 200. Ni mji wa kale wa bandari katika eneo la Shabelle ya Chini, na bara yake yote husema Kisomali. Hata Wabajuni, jamaa wa karibu wa Wabarawa kwa lugha upande wa kusini, wako mbali katika visiwa vinavyoanzia Kismayu. Pamoja na hayo, lugha ya nyumbani ya Wabarawa kwa karne nyingi imekuwa Chimiini, maana yake lugha ya mjini, ambayo wanaisimu huiweka pamoja na lahaja za Kiswahili za kaskazini, ingawa ilijitenga na wenzake mapema sana.

Wengi hueleza jambo hili kwa kusema kwamba Waswahili wa Barawa ni mabaki ya watu waliozingirwa na Wasomali wakajifungia ndani ya kuta zao. Maelezo hayo yana mvuto, lakini historia ya mji haiyaungi mkono, kwa kuwa sehemu kubwa ya waliokizungumza Chimiini ni Wasomali kwa nasaba. Pamoja na Wabida, Wahatimi na Masharifu, ambao hujinasibisha zaidi na Uarabuni, mji ulikuwa na koo tano za Watunni, Wasomali waliotoka bara wakahamia mjini, wakaoa na kuozesha, na watoto wao wakakulia katika lugha waliyoikuta hapo. Sheikh Uways al-Barawi, aliyezaliwa mwaka 1847 na kuieneza tarika ya Qadiriyya hadi Zanzibar na bara ya Tanganyika, alikuwa Mtunni. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye jibu: Chimiini hakikuwa alama ya damu bali alama ya uenyeji, na aliyetaka kuwa mtu wa mji alijifunza kusema kama watu wa mji.

Utaratibu wa utawala nao ulisaidia. Wareno walipofika mwanzoni mwa karne ya 16 walishangaa kuona kwamba Barawa haina sultani, bali inaongozwa na baraza la wazee 12. Mji wa namna hiyo hauna nyumba moja ya kifalme ambayo ikianguka huanguka na lugha yake. Mwaka 1507 Tristão da Cunha na Afonso de Albuquerque waliushambulia, wakaupora na kuuchoma moto, lakini watu walirudi, wakajenga upya na kuendelea na biashara.

Biashara hiyo ilikuwa ya pande mbili. Kutoka bara zilikuja ngozi, pembe za ndovu na mifugo. Kutoka baharini vilikuja nguo, mchele na vyombo. Merikebu za Wachina chini ya Zheng He zilifika huko katika karne ya 15, lakini uhusiano uliodumu ulikuwa ule wa majahazi ya msimu, yaliyoshuka na kaskazi kwenda Lamu, Mombasa na Unguja na kurejea kwa kusi. Kusi ikipamba moto, bandari za pwani ya Banadiri, Barawa ikiwemo, hazikaribiki kwa mawimbi, hivyo mji ulikaa miezi kadhaa na shughuli zake za ndani: kufuma nguo, kutengeneza viatu vya ngozi, na kusoma.

Kusoma huku si jambo la kupitia juu juu. Barawa ilitoa wanazuoni walioheshimika pwani nzima: Sheikh Muhyiddin al-Qahtani alikuwa kadhi Zanzibar na alifariki mwaka 1869, na Sheikh Abdulaziz al-Amawi, mzaliwa wa Barawa pia, alikuwa kadhi Kilwa kabla ya kuhamia Zanzibar. Wakati hao waliandika kwa Kiarabu, washairi wa nyumbani walitunga tenzi za dini, zinazoitwa huko steenzi, kwa Chimiini kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ili wasiojua Kiarabu, hasa wanawake, wapate mafundisho. Mashuhuri kuliko wote ni Dada Masiti, bibi wa ukoo wa Masharifu aliyeishi Zanzibar ujanani na kufariki karibu na mwaka 1920. Tenzi zake zilihifadhiwa vichwani mwa wanawake waliozisoma kwa pamoja, na lugha inayosomwa hivyo haipotei upesi.

Msomaji wa Unguja au Mombasa akikisikia Chimiini hushika maneno machache kisha hupotea. Kisu huwa chisu, na visu huwa zisu. Badala ya amepika, Mbarawa husema pishile, kwa kiambishi cha -ile ambacho wasomaji wa tenzi kongwe za Lamu na Pate hukitambua mara moja. Kuna na la ajabu zaidi: katika wakati uliopita, tofauti kati ya umesoma na amesoma hubebwa na mkazo peke yake, kwani neno ni lile lile, somele, ila la kwanza hukazwa mwishoni na la pili katika silabi inayotangulia ya mwisho.

Utawala wa Zanzibar, kisha wa Waitalia walioinunua pwani hiyo mwaka 1905, haukuibadili hali hii sana. Kisomali kilipofanywa lugha ya serikali na ya shule mwaka 1972, Chimiini kilibaki nyumbani na barazani. Pigo lilikuja mwaka 1991, serikali ya Somalia ilipoanguka. Wabarawa hawakuwa na wanamgambo wa kuwalinda, na mji wao ukaporwa mara kwa mara na makundi yenye silaha. Maelfu walipanda majahazi hadi Mombasa, na kutoka kambi za huko wengi walihamishiwa Marekani na Uingereza. Baadaye al-Shabaab waliushikilia mji hadi Oktoba 2014.

Huko ughaibuni Chimiini kimekutana na hatari ambayo Kisomali hakikuileta. Kisomali kilikuwa lugha tofauti kabisa, hivyo mtoto wa Barawa alizijua zote mbili bila kuzichanganya. Mtoto anayelelewa Mombasa, kinyume chake, anazungukwa na Kiswahili kinachofanana na cha nyanya yake, naye akisema pishile wenzake humsahihisha: sema amepika.