Je, wajua kwa nini mashimo ya vimondo ni ya mviringo?

Kiangazi hiki makorongo ya Dodoma yamekauka, na watoto wa mtaani kwetu Ipagala wanacheza kwenye mchanga wake. Juzi nilimwonyesha mmoja wao, yuko darasa la sita, picha ya sayari ya Mirihi kwenye simu, imejaa mashimo ya duara yaliyochimbwa na vimondo. Akaitazama, akaokota jiwe, akalitupa kwa mshazari. Likachora mtaro mrefu mchangani. "Anko, mbona langu halijatoka duara?"

Ni swali zito. Vimondo havidondoki wima kama embe. Vingi huja kwa mshazari. Hata hivyo karibu kreta zote za Mirihi, yaani mashimo hayo ya vimondo, ni za mviringo. (Kwetu ukisema kreta mtu anawaza Ngorongoro, lakini ile ni kazi ya volkano.) Kreta ya Gale, huko Mirihi, ina upana wa kilomita 154: ukianzia ukingo mmoja Dodoma mjini, utaipita Manyoni kabla hujafika wa pili.

Siri ni kasi. Jiwe la mkono husukuma mchanga tu, ndiyo maana alama hufuata njia yake. Kimondo huipiga Mirihi kwa kasi ya kama kilomita 10 kwa sekunde. Kwa mwendo huo, Dodoma hadi Dar es Salaam ni sekunde 40 hivi. Kila kilo yake imebeba nguvu inayozidi ya kilo 10 za baruti aina ya TNT. Kikigonga mwamba, nguvu hiyo yote inageuka mgandamizo na joto kwa kufumba na kufumbua, kinalipuka. Mlipuko nao hutanuka pande zote kutoka pale ulipoanzia, haujali kimondo kilitokea wapi. Kumbe shimo halichimbwi na jiwe, hufumuliwa na mlipuko. Labda kimondo kije kimelala sana, chini ya nyuzi 15 hivi kutoka ardhini. Hapo shimo hurefuka.

Mviringo huo ulimponza Daniel Barringer, mtafuta madini wa Kimarekani. Huko Arizona, Marekani, kuna kreta ya upana wa kama kilomita 1.2, iliyoachwa na kimondo cha chuma miaka 50,000 hivi iliyopita. Kuanzia mwaka 1903 alitafuta bonge la chuma aliloamini limezikwa pale. Kwa kuwa shimo ni duara, alidhani kimondo kilishuka wima, akatoboa katikati. Hakuna kitu. Alifariki mwaka 1929 bila kulipata. Namhurumia sana, maana sehemu kubwa ya chuma ile iliyeyuka, ikawa mvuke au ikatawanyika siku ileile ilipoanguka.

Mtoto aliposikia hivyo akalifuata jiwe lake. Lilikuwa mwisho wa mtaro, zima.